Mafundi wa Mpigo Usiosikika

Mtu aliyepimwa MRI akirudi nyumbani, anachosimulia kwanza ni kelele. Iligonga, ikanguruma, ikanyamaza, ikaanza upya kwa mlio mwingine, na vizibo vya masikio havikusaidia sana. Kelele hiyo hutoka kwenye koili za gradienti, ambazo hutikisika kila umeme unapopitishwa na kukatwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Kazi ninayotaka kuisifia haina mlio wowote. Katikati ya vishindo vile, wimbi la redio huingia kichwani kwa milisekunde chache, likafanya lililotumwa, likaisha, na mgonjwa asijue lilikuja saa ngapi. Wimbi hilo halikujitokea tu. Kuna mtu aliyekaa akaamua lianze taratibu au kwa ghafla, lipande hadi wapi, ligeuke lini, likatike vipi. Wimbi la namna hiyo nitaliita mpigo, na wapo watu waliomaliza ujana wao wakichonga mipigo.

Huku Mbuba, wilayani Ngara, hatuna MRI. Mgonjwa wa kichwa huanzia zahanati, akaenda hospitali ya Murgwanza, na ikishindikana hupewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ambayo kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025 ilimalizikia kwenye foleni ya feri. Lakini mawimbi yenyewe tunayafahamu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti linalohudumia wakimbizi, hutufikia kwa FM, na FM ni masafa ya kati ya megahezi 88 na 108. Mashine ya MRI ya kawaida, yenye sumaku ya Tesla 1.5, hurusha mipigo yake kwa megahezi 64; ile ya Tesla 3 kwa megahezi 128. Redio yetu basi iko katikati ya hizo mbili. Nikiwaeleza vijana wa sekondari jambo hili huguna: kinachopenya fuvu la mgonjwa hospitalini na kinacholeta matangazo ya vifo jikoni kwao ni kitu kimoja, vimezidiana masafa tu. Na anayeishi bondeni anajua kingine zaidi, kwamba wimbi halifiki sawasawa kila mahali. Hapa stesheni inashika vizuri, ukisogea hatua mbili na redio mkononi inakwaruza. Hilo la hatua mbili nalitaka baadaye.

Tuanze na protoni. Mwili umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni. Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, na protoni ina usumaku wake mdogo. Ndani ya sumaku kubwa protoni hujipanga, ziada ndogo sana ikielekea upande wa uga wa sumaku hiyo, na huzunguka kwa masafa yanayotokana na nguvu ya sumaku: megahezi 42.58 kwa kila Tesla moja. Ukirusha wimbi la redio lenye masafa hayohayo, protoni huitika na kuinama kutoka pale zilipojipanga, na zikishainama ndipo hutoa ishara ambayo antena huipokea na kompyuta huigeuza kuwa picha. Wimbi la masafa mengine hupita bila kuitikiwa.

Pembe ya kuinama hutegemea nguvu ya wimbi mahali pale na muda liliokaa. Fundi anaweza kutaka nyuzi 10, au 90, au kuzipindua kabisa kwa nyuzi 180, kutegemea picha anayoihitaji daktari. Sharti lake ni kwamba akiandika nyuzi 10, ziwe 10 kwenye paji la uso, kisogoni na karibu na sikio. Zikiwa 14 hapa na 6 kule, picha itatoka na weupe na weusi usiokuwamo kwenye ubongo wa mgonjwa.

Mabingwa wa mwanzo walihangaika na shida nyingine. Picha nyingi hupigwa kipande kwa kipande, kwa hiyo mpigo ulitakiwa uguse unene wa milimita chache na uache jirani zake. Mpigo unaowashwa ghafla na kuzimwa ghafla haufai kwa hilo. Kingo za kipande hutoka zimechafuka, na protoni za vipande vya pembeni huguswa ambazo hazikuitwa. Mwaka 1989 John Pauly, Dwight Nishimura na Albert Macovski wa Stanford walionyesha kwamba, pembe ikiwa ndogo, mpigo unaorushwa huku gradienti za zile koili zenye kelele zikibadilika ni nguvu inayowekwa nukta kwa nukta juu ya ramani ya kihisabati, na umbo la sehemu itakayoguswa kichwani ni badiliko la Fourier la kilichowekwa kwenye ramani hiyo. Yaani unaweza kuamua kwanza unataka kugusa wapi, ukarudi nyuma hadi kwenye mpigo. Kwa pembe kubwa hesabu hiyo hugoma. Huko waliosaidia ni Meir Shinnar na Patrick Le Roux, ambao kila mmoja kwa njia yake aligundua kwamba mpigo mzima unaweza kugeuzwa kuwa jozi ya polinomia. Polinomia ni kitu ambacho wahandisi wa vichujio vya simu na redio walikuwa wamekwisha kukizoea kwa miaka mingi. Hivyo mwaka 1991, Pauly na Le Roux na wenzao walipoiandika njia hiyo kwa ukamilifu, ghala zima la maarifa ya wahandisi hao lilifunguka kwa watu wa MRI. Mpaka leo jina la Shinnar na Le Roux limo katika programu za watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Mambo hayo yalitosha maadamu wimbi lilikuwa refu kuliko kichwa. Kwenye Tesla 1.5 urefu wa wimbi ndani ya ubongo ni kama nusu mita, kwa hiyo kichwa kizima kinakaa ndani ya sehemu yake ndogo, na nguvu inakaribia kuwa sawa kila mahali. Kisha watu wakataka zaidi. Kadiri sumaku inavyopanda, ziada ya protoni zilizojipanga huongezeka, ishara huwa na nguvu, na unaweza kuona vitu vyembamba kuliko milimita moja: tabaka za gamba la ubongo, mishipa midogo, kovu dogo linalowasha kifafa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza mashine ya Tesla 7 itumike kwa wagonjwa.

Kwenye Tesla 7 masafa ni megahezi 298. Hewani wimbi hilo lina urefu wa mita moja. Ndani ya ubongo, ambao umejaa maji yanayolipunguza mwendo, linabaki na sentimita 13 hivi, na kichwa cha mtu mzima kutoka sikio hadi sikio ni kama sentimita 15. Sasa zile hatua mbili za bondeni zimeingia ndani ya fuvu. Mawimbi yanayotoka pande zote za antena yanakutana: katikati ya ubongo yanajumlishana, pembeni, usawa wa masikio, yanakatana. Unapata picha inayong'aa katikati na giza ubavuni, na kisogoni kwa chini, ilipo serebela, giza jingine. Ndani ya eneo hilo la ubavuni ndimo ilimo hipokampasi, na hipokampasi ni moja ya sehemu ambazo daktari wa kifafa huzitafuta kwanza. Umenunua sumaku ya mamilioni ili uione vizuri, na sumaku yenyewe ndiyo inakuzibia. Kupanda kwa sumaku hakukuondoa kazi ya fundi wa mipigo, kuliianzisha upya.

Jibu la kwanza lilikuwapo tayari. Katikati ya miaka ya 1980 Silver, Joseph na Hoult walichonga mpigo ambao hauanzi na masafa ya protoni. Huanzia mbali nayo, ukayafagia, ukayapita, na protoni huufuata taratibu hadi zikapinduka. Uzuri wake ni kwamba nguvu ikishavuka kiwango fulani, kuongezeka kwake hakubadilishi kitu. Palipo na nguvu nyingi na palipo na nguvu kidogo, protoni zote zinapinduka nyuzi 180. Mimi huu ndio mpigo ninaoupenda kuliko yote, na nakiri ni mapenzi ya mtu anayeutazama kutoka pembeni. Anayeutumia kila siku analalamikia gharama yake. Unakula nguvu nyingi, na nguvu inayoingia kichwani inaishia kuwa joto. Kwenye Tesla 7 bajeti ya joto ni finyu, kwa hiyo mpigo huu hutumika pale tu unapostahili.

Jibu la pili lilihitaji mtu mwenye kuthubutu. Kama shida ni mawimbi kukutana vibaya, basi tuyapange yakutane vizuri. Badala ya antena moja kuzunguka kichwa, weka nane, kila moja na amplifaya yake, kila moja na mpigo wake. Ulrich Katscher na wenzake waliliandika wazo hilo mwaka 2003, Yudong Zhu mwaka uliofuata, na tangu hapo maabara nyingi zimelifanya liwe kazi ya mikono. Mafundi wa NeuroSpin, kituo kilichoko Saclay kusini mwa Paris, wakiwamo Martijn Cloos, Nicolas Boulant na Alexis Amadon, mwaka 2012 walitoa mpango unaopendeza kwa uchache wake. Mpigo mmoja unagawanywa kuwa vijipigo vichache. Kati ya kijipigo na kijipigo gradienti hushtuliwa kidogo, ili mchoro wa nguvu kichwani usogee, na kila kijipigo kijaze upungufu uliobaki.

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo ufundi unapoonekana kwa jicho. Chukua vijipigo vitano na chaneli nane, yaani zile antena nane, kila moja na amplifaya yake. Kila chaneli katika kila kijipigo ina ukubwa wake na fezi yake, yaani wimbi lianze hatua gani ya mzunguko wake. Tano mara nane ni 40, mara mbili ni 80. Juu ya hizo kuna namba za kuonyesha gradienti zishtuliwe kiasi gani, kwa pande tatu, kila mara. Namba kama mia, na mpigo mzima, ukiwa wa pembe ndogo, unaweza kuisha kabla ya milisekunde moja. Hakuna hata moja kati ya namba hizo yenye maana ikiwa peke yake. Ukiongeza fezi ya chaneli ya tatu ili kung'arisha ubavu wa kushoto, umeharibu kisogo. Ukikiokoa kisogo kwa kuipandisha chaneli ya sita, joto limekusanyika karibu na jicho. Kompyuta ndiyo inayotafuta, ndiyo. Lakini kompyuta hutafuta pale ilipoambiwa itafute, na ikipewa swali baya italijibu vizuri mno.

Swali zuri lilichukua miaka kupatikana. Hapo mwanzo mafundi waliidai kompyuta pembe iliyo sawa kila mahali, na pia fezi iliyo sawa kila mahali. Ilijitahidi na matokeo yakawa ya wastani. Kisha baadhi yao, Kawin Setsompop akiwa miongoni mwao, wakauliza fezi inamsaidia nani. Katika picha nyingi daktari hutazama ukubwa wa ishara, fezi hutupwa. Wakaiachia fezi ijiendee ilimradi ibadilike taratibu, wakadai pembe tu. Papo hapo pembe ikawa sawa zaidi kwa joto dogo zaidi. Katika fizikia yote ninayoifundisha sina mfano mzuri kuliko huu wa mtu aliyepata zaidi kwa kudai kidogo, na aliyejua hasa kipi cha kuacha.

Baada ya hapo ikabaki kero ya kibinadamu. Mipigo hii ilichongwa kwa mtu mmojammoja. Mgonjwa alilazwa, mashine ikapima jinsi kila antena inavyoangaza ndani ya kichwa chake yeye, kompyuta ikakokotoa, na ndipo picha ikaanza. Dakika zilikwenda. Kwa mwanafunzi aliyejitolea kwa utafiti si neno. Kwa mama mwenye maumivu ya shingo, au mtoto, dakika hizo ni nyingi. Fundi cherehani wa Ngara mjini anaijua shida hii: nguo ya kupimiwa hukaa vizuri, lakini mteja akiwa na haraka huenda kwa muuza nguo za dukani. Vincent Gras, Boulant na wenzao mwaka 2017 walishona nguo ya dukani inayokaa kama ya kupimiwa. Walichukua ramani za kundi la vichwa, wakaitaka kompyuta itafute mpigo mmoja utakaovifaa vyote kwa pamoja, kisha wakaujaribu kwa watu wengine ambao hawakuwamo kwenye kundi. Haukufikia kabisa usawa wa mpigo wa kupimiwa, lakini uliikaribia sana kazi yake na kuiacha mbali antena moja ya kawaida. Mgonjwa analala, picha inaanza. Ninavyoona mimi, hapa ndipo Tesla 7 ilipoanza kuondoka maabara na kuelekea wodini. Nina shaka moja tu ndogo: mpigo wa namna hii unavifaa vichwa vinavyofanana na vile vilivyopimwa. Kichwa cha mtoto mchanga hakimo, wala kichwa kilichovimba kwa maji. Vinapaswa kupimwa navyo, na mtu wa kuvipima aende viliko.

Joto nimelitaja mara kadhaa, na nisingependa lionekane jambo la pembeni, kwa sababu linatofautisha fundi na mjanja. Sehemu ya umeme ya wimbi ndiyo inayopasha tishu moto, na yenyewe hukutana na kujumlishana kwa mpangilio wake, tofauti na sehemu ya sumaku inayochora picha. Unaweza kuwa na picha safi kabisa na nukta moja ndani ya kichwa inayochemka bila dalili yoyote kwenye skrini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu, kwa matumizi ya kawaida, wastani wa wati 3.2 kwa kilo kwa kichwa kizima, na wati 10 kwa kilo katika gramu 10 zozote za tishu. Neno lenye uzito hapo ni "zozote." Kielelezo cha kichwa ndani ya kompyuta kina mamilioni ya nukta, na kuzikagua zote kila unapobadilisha namba moja kati ya mia hakuwezekani. Mwaka 2011 Gabriele Eichfelder na Matthias Gebhardt walitoa njia ya kuzikusanya nukta hizo katika makundi machache, kila kundi likiwakilishwa na kipimo ambacho daima kinaweza kuzidisha joto kidogo lakini hakiwezi kulipunguza. Kosa limeruhusiwa upande mmoja tu. Mgonjwa hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mpigo bora zaidi kwa picha yake ambao fundi aliukataa kwa ajili hiyo.

Wengine wameendelea kupanda. Saclay hiyohiyo kuna sumaku iitwayo Iseult, yenye Tesla 11.7, uzito wa tani 132, na nyaya za kilomita 182 zinazopozwa kwa heliamu hadi digrii 1.8 tu juu ya sifuri kamili. Masafa yake ni karibu megahezi 500, na wimbi ndani ya ubongo ni fupi kuliko lile la Tesla 7, kwa hiyo kila nilichoeleza juu ya giza na joto kule kimezidi. Kichwa cha kwanza kupigwa picha humo, mwaka 2021, kilikuwa boga. Picha za ubongo wa watu waliojitolea zilitangazwa mwaka 2024, na magazeti yakaandika habari za tani na kilomita. Sikuona hata moja lililowataja waliochonga mipigo iliyofanya picha hizo zisitoke na mashimo meusi. Sumaku inaonekana, inapigwa picha ikiwa juu ya lori; mpigo utaubeba kwenye lori gani?

Kuna njia ya tatu ya kulishinda lile giza la ubavuni, na ninaitaja kwa sababu mtu aliyehusika nayo anaturudisha upande wetu wa ziwa. Katika chuo kikuu cha tiba cha Leiden, Uholanzi, Andrew Webb na wenzake walitengeneza mifuko bapa iliyojazwa unga wa kalsiamu titaneti au bariamu titaneti uliokorogwa na maji hadi ukawa tope zito. Tope hilo lina uwezo mkubwa wa kushika nguvu za umeme. Mfuko ukiulaza kati ya sikio na antena, mkondo mdogo unazuka ndani yake na kurusha wimbi la pili, dogo, hapohapo palipokuwa na giza. Hakuna amplifaya nane, hakuna kompyuta inayokokotoa. Na maji waliyotumia kukorogea ni maji mazito, ambayo hidrojeni yake ni deuteriamu. Deuteriamu haiitikii masafa ya protoni, kwa hiyo mfuko wenyewe hauonekani kwenye picha. Kila nikiifikiria hatua hiyo ya mwisho natabasamu.

Webb huyohuyo, pamoja na Thomas O'Reilly na wengine wa Leiden na Delft, baadaye waligeukia upande wa pili wa kipimo, kwenye sumaku dhaifu. Kaskazini mwa Ngara, ukivuka mto Kagera na kuingia Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Hapo yuko Johnes Obungoloch, mhandisi aliyesomea Pennsylvania State University huko Marekani akishughulikia MRI ndogo kwa ajili ya watoto wenye kichwa kikubwa, ugonjwa ambao maji hujaa ndani ya ubongo na kuusukuma fuvuni. Uganda ina wagonjwa wengi wa aina hiyo, na sisi pia tunao. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo hufichwa ndani kwa muda mrefu mno kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari wa upasuaji hahitaji Tesla 7 kwa mtoto huyo. Anahitaji kujua maji yako wapi na yamezibwa wapi.

Mwaka 2022 vipande vyote vya mashine yao ndogo, pamoja na zana za kuvifungia, vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Uganda. Walimu wanne waliwafundisha watu sita ambao hawakuwahi kufanya kazi hiyo. Walizipanga sumaku ndogondogo moja baada ya nyingine katika pete 23, wakarekebisha nafasi kati ya pete na pete, wakatengeneza koili za gradienti, wakaunda kitoroli cha alumini cha kubebea, na baada ya siku 11 hivi tangu mzigo ufike wakapata picha ya kwanza. Nguvu ya sumaku hiyo ni kama Tesla 0.05. Haipozwi kwa heliamu wala haihitaji umeme ili iwe sumaku. Umeme ukikatika, nasi tunajua unavyokatika, sumaku iko palepale.

Mtu angedhani kwamba hapo fundi wa mipigo hana kazi. Masafa ni kama megahezi 2, juu kidogo tu ya yale masafa ya kati ambayo wazee wetu walisikilizia redio za mkulima. Wimbi ni refu mno kuliko kichwa, giza la ubavuni halipo, joto ni dogo sana. Lakini pete za sumaku za kudumu haziwezi kutoa uga ulio sawa kama wa nyaya za kupozwa. Uga ukitofautiana kutoka kisogo hadi paji la uso, protoni nazo zinatofautiana masafa, na mpigo mrefu ulionyooka kwenye masafa mamoja utazigusa za katikati na kuziacha za pembeni. Mpigo basi ufanywe mfupi, mikrosekunde 100 hivi, kwa sababu mpigo mfupi hutawanya nguvu yake juu ya masafa mengi zaidi, kama kilohezi 10. Ule mpigo wa ghafla, unaowashwa na kuzimwa bila madoido, uliokataliwa na mabingwa wa mwanzo kwa kuchafua kingo za vipande, hapa umerudi kuwa chaguo sahihi.

Kisha antena. Koili ya antena iliyotengenezwa vizuri sana hupenda masafa yake tu na kuyakataa ya jirani; ukiisifu kwa ubora huo, imekunyima kingo za picha. Fundi huongeza ukinzani kidogo makusudi, akapoteza sehemu ya ishara ili apate upana. Kiasi gani? Hilo halina jibu moja. Linategemea pete zilivyokaa, kichwa kilichomo ndani, na chumba chenyewe, kwa kuwa chumba hakina kinga ya shaba na mwili wa mgonjwa unavuta kelele za redio zilizoko hewani. Wakati mwingine mgonjwa hufunikwa kitambaa chenye nyuzi zinazopitisha umeme ili kelele hizo zipungue.

Na kifaa kinachorusha mipigo katika mashine ya Mbarara ni cha msimbo wazi. Kwenye mashine kubwa za viwandani mpigo umefungiwa ndani ya programu, na kuugusa kunahitaji mkataba na ruhusa. Mbarara mwanafunzi anaweza kulifungua faili la mpigo, akausoma, akaurefusha kutoka mikrosekunde 100 hadi 120 na kupunguza nguvu ili pembe ibaki ileile, akaweka chupa ya maji ndani ya koili, akaanza kupima, na kabla ya chai kuwa tayari akajua kingo za picha zimekwenda wapi.